Unaagiza jiko la moshi la kuvutwa na gari? Anza na breki, si mapambo

Na Mwandishi Wetu

KATIKA jimbo la Texas na maeneo mengi ya kusini mwa Marekani, si ajabu kukutana barabarani na gari linalovuta tela lililobeba tangi refu jeusi la chuma, lenye bomba la moshi upande mmoja na chumba cha moto upande wa pili. Hilo ni jiko la kuokea nyama kwa moshi, na mwenye nalo hulitunza kama mvuvi atunzavyo chombo chake.

Majiko ya aina hii huonekana harusini, nje ya viwanja vya mpira, makanisani na kwenye mashindano ya upishi kama yale ya Memphis, jimbo la Tennessee, yaliyoanza mwaka 1978. Wengine wameyafanya ngazi ya biashara. Mpishi mashuhuri Aaron Franklin alianza kuuza nyama kwenye tela mjini Austin mwaka 2009, akahamia katika jengo mwaka 2011, na mwaka 2015 akatunukiwa tuzo ya James Beard.

Kwa Mswahili aliyezoea nyama choma, ni vema kueleza tofauti mapema. Nyama choma hukaa juu ya makaa na huiva kwa muda mfupi. Katika jiko la moshi, moto huwaka katika chumba chake pembeni, na nyama hupata joto na moshi vinavyopita tu. Kidari kizima cha ng'ombe huweza kukaa humo saa 10 hadi 14, katika joto la nyuzi 107 hadi 135 za Selsiasi.

Mengi ya majiko hayo huundwa na mafundi wachomeleaji kwa agizo la mteja. Fundi humpa mteja orodha ya nyongeza: kabati la kuhifadhia chakula moto, trei za kuvuta, sanduku la kuni, bomba la moshi linalong'aa, hata jina la familia lililokatwa kwenye chuma. Kila nyongeza ina bei, na kila nyongeza ina uzito. Anayechagua kwa kufuata macho hujikuta amemaliza fedha kabla ya kufika kwenye mambo yanayookoa maisha.

Kwanza barabara

Kabla ya kuwa jiko, chombo hiki ni tela, na tela bovu huua. Hivyo hesabu ya kwanza ni uzito wote: tangi, chumba cha moto, fremu, kuni, maji na vifaa. Jiko lililoundwa kwa tangi la galoni 500, yaani karibu lita 1,900, huweza kufikia tani moja na zaidi kabla hujapakia kuni.

Sheria za breki hutofautiana. Texas hutaka tela liwe na breki linapozidi pauni 4,500 za uzito wote, sawa na karibu kilo 2,040, ilhali majimbo mengine mengi yameweka kikomo cha pauni 3,000, karibu kilo 1,360. Hata pale ambapo sheria hailazimishi, breki za umeme ni nyongeza ya kwanza ya kulipia. Ziambatane na swichi inayozikaza zenyewe endapo tela litachomoka kwenye gari.

Jambo la pili ni mgawanyo wa uzito. Kanuni inayofuatwa ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela ikalie kiungo cha mbele kinachoshikana na gari. Kwa tela la kilo 2,000, hiyo ni kilo 200 hadi 300. Ikipungua, tela huanza kuyumba kwenye mwendo kasi na huweza kulipindua gari.

Hapa ndipo nyongeza zinapohitaji akili. Chumba cha moto ni sehemu nzito, na mara nyingi huwekwa nyuma kabisa. Mteja akiongeza kabati la chakula juu yake, mzigo wote huelemea nyuma. Fundi mzuri husogeza ekseli au huweka sanduku la kuni mbele ili kurudisha mizani. Kwa hiyo nyongeza zote ziamuliwe kabla ekseli hazijafungwa, si baada ya kazi kukamilika.

Ekseli mbili zina faida juu ya moja: tairi likipasuka, lingine la upande huohuo husaidia kubeba mzigo. Aidha, gurudumu la akiba, minyororo ya usalama na taa za nyuma zisizozibwa na chumba cha moto si anasa.

Chuma kinene, moto mdogo

Baada ya barabara hufuata unene wa chuma. Bamba la milimita 6 ndilo linalopendelewa na wapishi wengi. Bamba la milimita 3 ni jepesi na nafuu, lakini hupoteza joto upesi, na kila mlango unapofunguliwa au upepo unapovuma mpishi hulazimika kuchochea upya.

Nyongeza yenye faida kubwa zaidi katika upishi ni chumba cha moto chenye kuta mbili na kihami joto katikati yake. Hutumia kuni chache, na joto lake halipandi na kushuka ovyo. Pia hupunguza hatari kwa watoto wanaopita karibu, kwa kuwa ukuta wa nje hauwi mkali kama ule wa bamba moja.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: chuma hutanuka. Tangi la urefu wa mita tatu likipanda joto kwa nyuzi 100 huongezeka karibu milimita 3 hadi 4. Likichomelewa kwa nguvu kwenye fremu pande zote mbili, viungo huweza kupasuka. Muulize fundi iwapo ameacha upande mmoja uweze kuteleza.

Moshi upite wapi

Mteja pia huchagua njia ya moshi. Katika mfumo wa kawaida, moshi huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, na upande wa karibu na moto huwa na joto zaidi. Katika mfumo wa kurudi, moshi hupita chini ya bamba la chuma hadi mwisho, kisha hugeuka na kurudi juu ya nyama kuelekea bomba lililo upande wa moto.

Mfumo wa kurudi husawazisha joto na humfaa mpishi asiyetaka kuhamisha nyama mara kwa mara. Hata hivyo, lile bamba huongeza uzito, huchelewa kupata moto na hukusanya mafuta. Lisiposafishwa, mafuta hayo huweza kuwaka. Anayeuchagua ahakikishe kuna mteremko na vali pana ya kuyatoa.

Vipimajoto viwe viwili, kimoja kila upande, na vifungwe usawa wa wavu unaobeba nyama. Kilichofungwa juu ya mlango husoma joto la hewa ya juu, si lile linaloipata nyama.

Piga hesabu ya watu

Wengi huagiza jiko kubwa kuliko haja yao. Kidari kizima huhitaji nafasi ya takriban sentimita 50 kwa 30. Wavu wa mita 2.5 kwa sentimita 85 utabeba vidari 14 hivi. Kila kimoja kikiwa na kilo 6, hizo ni kilo 84 za nyama mbichi. Baada ya kupunguza mafuta na kuoka, karibu nusu hupotea, zikabaki kilo 42, ambazo kwa gramu 200 kila mmoja hulisha watu 210.

Ikiwa wageni wako ni 60, tangi la galoni 250 litatosha, litavutwa na gari dogo zaidi na kuni zitapungua. Jiko kubwa lililo nusu tupu hula kuni karibu sawa na lililojaa.

Kwa anayekusudia biashara, kabati la kuhifadhia joto lina maana. Idara ya Kilimo ya Marekani hushauri chakula moto kisishuke chini ya nyuzi 60 za Selsiasi, maana chini ya hapo vijidudu huzaana haraka. Sinki ya kunawia mikono nayo huweza kudaiwa na mamlaka ya afya ya mahali husika. Ulizia masharti hayo kabla ya kuagiza.

Onyo kuhusu matangi ya zamani

Majiko mengi huundwa kwa matangi yaliyokwisha kutumika kwa gesi ya propani. Tangi linaloonekana tupu huweza kubaki na mvuke, na cheche moja ikalipua. Kulikata ni kazi ya fundi anayejua kuondoa gesi hiyo yote kwanza, si ya kujaribia nyuma ya nyumba. Vilevile, kataa chuma chochote chenye zinki ndani ya jiko, kwani kikipata joto kali hutoa mvuke wenye madhara.

Rangi, taa za nakshi, redio na jina la familia vinaweza kuongezwa mwaka ujao. Ekseli, unene wa chuma na njia ya moshi havibadilishwi kirahisi jiko likishachomelewa. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi kabla ya kulipa malipo ya awali, mwombe fundi aandike kwenye karatasi uzito wote wa tela, uwezo wa ekseli na kiasi cha mzigo kitakachokalia kiungo cha mbele. Akishindwa kuvitaja, tafuta mwingine.