Bomba la Moshi Likibadilishwa, Sensa Irudi Mahali Pake

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa ni la gereji tu, wala halihusu afya: bomba la moshi la gari, pamoja na kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye bomba hilo, yaani sensa ya oksijeni. Tumeona vema kulileta katika ukurasa huu kwa sababu moshi unaotoka humo, ukikosa njia yake, huingia katika mapafu ya watoto wetu.

Sisi wa Sibwesa na vijiji vingine vya Mkoa wa Katavi tunalijua gari kwa shida na raha. Mgonjwa akipewa rufaa kwenda Mpanda mjini, ni gari. Mama mjamzito, ni gari. Harusi, msiba na safari ya kwaya, ni gari, na mara nyingi watu hubanana mpaka hakuna pa kuweka mguu. Barabara ya vumbi ina mawe na makorongo. Bomba hugongwa chini, hupata kutu wakati wa masika, mwisho hupasuka. Linalopata shida sana ni lile bomba la mwanzo, linaloteremka kutoka kwenye injini. Fundi hulichomelea au huweka jingine. Hapo ndipo penye swali letu: je, sensa imerudishwa mahali pake, au imeachwa ikining'inia na tundu lake kuzibwa kwa bolti?

GESI ISIYOONEKANA

Petroli isipoungua vizuri hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Ni gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia katika damu hushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Hivyo mtu huendelea kupumua kama kawaida, lakini ubongo na moyo wake vinakosa oksijeni.

Watoto hupumua haraka kuliko watu wazima, kwa hiyo huathirika mapema. Mtoto aliye tumboni naye yumo hatarini, hata kama mama anaonekana hana neno. Katika gari kama Hiace, ambalo injini yake iko chini ya viti vya mbele, bomba la mwanzo halipo mbali na miguu ya abiria. Likitoboka, gesi hupanda kupitia matundu ya sakafu na kwenye mifuniko isiyokaza.

KAZI YA SENSA

Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iunguze kilo moja ya petroli sawasawa. Sensa huonja moshi unaopita na kuiarifu kompyuta ya gari kama oksijeni iliyobaki ni nyingi au ni kidogo. Kompyuta nayo huongeza au hupunguza petroli. Sensa za namna hii zilianza kuwekwa katika magari ya kuuzwa mwaka 1976, na magari mengi ya petroli tunayoyapata kutoka Japani yanazo. Baadaye moshi hupita katika masega, ambayo hugeuza sehemu kubwa ya kaboni monoksaidi kuwa gesi isiyo na sumu ya namna hiyo. Lakini masega hufanya kazi vizuri pale tu petroli na hewa vinapokuwa katika kipimo, na kipimo hicho hutokana na sensa.

Sensa ikiachwa nje, kompyuta hubaki kukisia, na mara nyingi hukisia kwa kuongeza petroli. Gari hula mafuta, moshi huwa mweusi, na sumu huongezeka. Tena bomba likiwa na tundu kabla ya sensa, hewa ya nje hunyonywa ndani. Sensa hudanganyika, huiambia kompyuta kwamba hewa imezidi, nayo kompyuta humwaga petroli zaidi. Basi tundu moja limeleta hasara mbili: sumu imeongezeka, na imepata mlango wa kuingilia ndani ya gari.

MAMBO YA KUMWOMBA FUNDI

Si lazima kila mzazi awe fundi, ila ni vema kujua kazi nzuri inavyokwenda.

Mosi, injini ipoe hadi iwe vuguvugu, na waya wa betri utolewe. Sensa itolewe kabla ya kuchomelea, maana moto na umeme wa kuchomelea huweza kuiua.

Pili, plagi ya waya ichomolewe kwanza, ndipo sensa ifunguliwe. Ukiizungusha huku waya umeshikwa, waya hukatika kwa ndani. Sensa nyingi hufunguliwa kwa spana namba 22. Katika Toyota kadhaa za zamani imeshikwa na nati mbili ndogo, nayo ina gasketi yake. Ikiwa kutu imeikamata, iwekewe mafuta ya kulegeza kutu na kuachwa kwa muda, isigongwe nyundo.

Tatu, ndani ya sensa kuna kauri, kwa hiyo ikianguka sakafuni huweza kupasuka bila kuonyesha alama. Isioshwe kwa petroli. Ncha yake isipakwe grisi wala mafuta.

Nne, bomba jipya liwe na kitako cha sensa mahali palepale pa lile la zamani. Gari likiwa na sensa mbili, moja kabla ya masega na nyingine baada yake, zisibadilishane.

Tano, gasketi za maungio ziwe mpya. Gundi ya silikoni isitumike hapo, kwa sababu mvuke wake huiharibu sensa. Kwenye nyuzi za sensa ipakwe kidogo ile grisi ya kuzuia kukamatana, ikiwa haikuja nayo kutoka kiwandani.

Sita, waya urudishwe katika vishikizo vyake, usiguse bomba la moto.

Mwisho, gari liwashwe nje, mahali pa wazi, lingali baridi. Mwenye gari asikilize maungio: yakitoa mlio wa kupumua, au yakiwa na masizi meusi pembeni, kazi haijaisha. Taa ya injini kwenye dashibodi ikiendelea kuwaka baada ya safari chache, arudi kwa fundi.

HOJA YA KUTOA MASEGA

Wapo wanaoshauri kwamba masega na sensa vitolewe, ati si vya nchi hizi. Zamani maneno hayo yalikuwa na sababu. Petroli yetu ilitiwa risasi, na risasi huharibu sensa na masega pia. Watu wa Mpanda wanayajua madini hayo, kwa kuwa reli ya kutoka Kaliua ilifikishwa kwetu kwa ajili ya mgodi wa risasi. Lakini petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, jambo lililokuwa faida kubwa kwa akili za watoto. Kwa hiyo sababu ile haipo tena. Tujue pia kwamba masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei kubwa. Anayekushauri uyatoe, muulize kwanza yatakwenda wapi.

DALILI NA HUDUMA YA KWANZA

Sumu hii huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Kwetu sisi mtu husema mara moja, "Ni malaria." Tuangalie tofauti. Malaria kwa kawaida huleta homa, sumu hii hailazimu kuleta. Malaria haiwashiki abiria wote wa gari moja saa moja, wala haipungui kwa sababu mtu ameshuka kupunga upepo. Watoto wakilegea na kusinzia wote pamoja safarini, tusiseme tu kwamba wamechoka.

Simamisheni gari, zimeni injini, watoeni wote nje. Aliyezimia alazwe ubavu, na asiyepumua asaidiwe kupumua. Wafikishwe kituo cha afya, na mhudumu aambiwe wazi, "Tulikuwa ndani ya gari lenye moshi." Kipimo cha malaria kifanyike, lakini habari ya moshi isisahauliwe. Dawa yake ni oksijeni: kwa hewa ya kawaida, sumu hupungua kwa nusu baada ya saa 4 au 5, kwa oksijeni ya hospitali ni kama saa moja na nusu. Tena kile kifaa cha kubana kidoleni kisitutulize, kwa maana huweza kuonyesha oksijeni nzuri hali damu imejaa sumu.

Tukumbuke mambo mengine madogo. Tusisafiri mlango wa nyuma ukiwa wazi kwa ajili ya mizigo, maana gari likienda huvuta moshi wake lenyewe. Tusilale ndani ya gari linalounguruma. Wakati wa kiangazi tusiegeshe juu ya majani makavu, kwani bomba la moto huyawasha.

Wazazi, kabla ya kuwapandisha watoto kwa safari ndefu, inameni mtazame chini ya gari, na mwulizeni dereva: "Bomba lilipobadilishwa, sensa ilirudishwa?" Asiyejua jibu na aulize gereji kabla ya kupakia watu.