Si Uzee Peke Yake: Maradhi ya Moyo kwa Wazee Wetu

Mtu akikaa Msamvu, penye njia panda ya Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, akatazama mabasi yakishusha abiria, hakosi kuona wazee wanaotembea hatua kumi kisha wakasimama kuvuta pumzi, na miguu yao imevimba hata viatu haviwaingii. Vijana waliokuja kuwapokea wakiulizwa, jawabu lao ni moja: ni uzee tu. Nasi twachelea kuwa neno hilo dogo limewafikisha wengi kaburini bila ya kuonwa na tabibu.

Uzee hupunguza nguvu, hilo hatulikatai. Lakini uzee hauvimbishi miguu, wala haumwamshi mtu usiku wa manane akakimbilia dirishani kutafuta hewa. Hizo ni dalili za moyo uliodhoofika. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa mchana na usiku mmoja, na ukishindwa kuisukuma damu ipasavyo, maji hutuama mapafuni na miguuni. Ndiyo sababu mzee aliyezoea mto mmoja wa kulalia huanza kutaka miwili, kisha mitatu, mwisho akalala ameketi. Watu wa nyumbani wakiihesabu mito hiyo watazijua habari kabla ya daktari. Na wazee wetu wa Mgeta na Matombo wana kipimo kingine, nacho ni mlima wenyewe: aliyepanda kwake mwaka jana bila kupumzika, na mwaka huu asimama mara tatu, asingoje mwaka ujao.

Chanzo kikubwa cha hayo ni shinikizo la damu, ambalo huhesabiwa kuwa limepanda likidumu 140 kwa 90 au zaidi. Halina maumivu, na huo ndio ubaya wake. Wako wanaodhani ni maradhi ya matajiri wa mijini. Baina ya mwaka 1992 na 1995 watafiti walihesabu vifo katika sehemu za Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, wakatangaza matokeo yao mwaka 2000. Huku kwetu Morogoro Vijijini, kwa watu wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kiliua wanaume 35 kwa mwaka katika kila 100,000; katika Uingereza na Wales, rika hilo hilo, hawakufika 11. Wakulima wa jembe la mkono hao! Watafiti waliona kuwa shinikizo lisilotibiwa ni sababu kubwa.

Kiharusi huletwa pia na moyo unaopiga ovyo, mara mbio mara pole, bila ya mpangilio. Damu huganda ndani yake, na bonge likachukuliwa mpaka ubongoni. Kijana aweza kuweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wa babu yake na kusikiliza kwa dakika moja. Akikuta mapigo hayana utaratibu, ampeleke apimwe umeme wa moyo. Ama mishipa ya moyo ikiziba, wengi hubanwa na kifua, na maumivu yakaenda mkononi au tayani. Lakini mzee, khasa mwenye kisukari, huenda asiumwe kabisa, akatokwa na jasho la baridi na kukosa pumzi tu. Huyo ni wa hospitali saa ile ile.

Dawa za shinikizo si kama za malaria, ambazo mtu humeza siku tatu akamaliza. Mwenye kuziacha kwa sababu amejiona mzima hajui kuwa ni zenyewe zilizomfanya awe hivyo. Chumvi nayo isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo cha chai, pamoja na iliyomo katika samaki wa chumvi. Tena vidonge vya maumivu vya diklofenaki, vinunuliwavyo kwa ajili ya magoti, huzuia maji mwilini na kupandisha shinikizo. Mgonjwa wa moyo asivimeze bila kumwuliza tabibu.

Mwezi wa Ramadhani wako wazee waachao dawa ili wafunge. Sura ya Al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa iliyo wazi, na tabibu aweza kuzihamishia dawa nyingine usiku. Mambo haya yaulizwe kabla mwezi haujaandama.

Zahanati ya jirani yatosha kwa kupima shinikizo. Likihitaji zaidi, iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, na tangu mwaka 2015 iko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Mzee apelekwaye huko achukue karatasi za vipimo vyake vyote, na vidonge vyake avipakate mkobani, visitiwe katika buti la basi.