Mgeuze Kunguni Chali

Kiswahili kimempa jina moja, kunguni, mnyonya damu wa kitandani na mnyonya utomvu wa shambani. Usikione kivivu. Mwaka 1758 Carl Linnaeus naye aliwatia wote wawili kwenye jenasi moja, Cimex. Wa kitandani yumo hadi leo. Yule wa kijani, msumbufu wa maharage na nyanya, sasa ni Nezara viridula wa familia ya Pentatomidae.

Familia yenyewe haina shida kuitambua. Mgongoni kuna pembetatu kubwa, vipapasio vina pingili 5, na mbawa hupishana ncha zake laini. Za mbawakawa hukutana kwa mstari ulionyooka. Harufu isikupe jina la spishi: wengi wao hutoa kemikali za jamii ile ile iliyomo kwenye majani ya giligilani, ndiyo maana wapo wasioweza kula kachumbari yenye giligilani.

Rangi ndiyo inayopoteza watu. Nezara mmoja ni kijani kitupu, mwenzake ana utepe wa manjano kichwani na mabegani, na wachanga wao ni weusi wenye madoa meupe, utadhani wadudu wengine kabisa. Wote ni spishi moja. Halafu yuko Chinavia, kijani vilevile, ambaye ni jenasi nyingine. Basi mgeuze chali, uchukue kioo cha kukuzia, utazame kati ya miguu ya pili na ya tatu. Hapo pana tundu la harufu: mfereji wa Nezara ni mfupi, wa Chinavia ni mrefu kama mstari uliovutwa kuelekea ubavuni.

Ukiwa hapo, tazama na mdomo. Mwembamba kama sindano hufyonza mmea. Mnene ni wa mwindaji, hudunga viwavi. Huyo mwache aendelee na kazi.

Wanaonitoa jasho ni kunguni wa kahawa, Antestiopsis, wanaohusishwa na ile kahawa ya Rwanda na Burundi inayoonja kiazi kibichi. Mabaka yao ya rangi ya machungwa, meusi na meupe hubadilikabadilika hata ndani ya spishi moja. Kutenganisha spishi zao hutaka viungo vya uzazi vya dume, vilowekwe kwenye potasi nyama iyeyuke, libaki gamba tupu chini ya hadubini. Nikiletewa jike peke yake, mara nyingi naandika jenasi tu.