Tofaa la Bara na Chai ya Kericho

Mtu wa pwani akitajiwa tofaa, aghalabu humjia akilini lile tunda letu jekundu, lenye nyama nyeupe na maji tele. Lakini kule Kericho na Bomet, kwenye vilima vya majani chai, nalikuta jina hilo hilo wamepewa wageni wengine: matofaa ya nchi za baridi, ambayo Waarabu huyaita tuffah, na huko ndiko Kiswahili kilikolipata jina.

Nchi hiyo i juu, kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi baridi yake huuma. Hata hivyo haiutoshelezi mtofaa, kwani mti huo wataka kipupwe hasa, upate kulala kisha uchanue. Ndiyo maana wakulima wa nyanda za juu zilizo karibu na Ikweta huupukutisha majani kwa mikono ili uchipuke. Matofaa mengi yauzwayo Kenya hutoka Afrika Kusini, na bei yake si ya mchezo.

Je, yastahili bei hiyo? Tofaa moja la kadiri, likiliwa na ganda lake, lina gramu 4 hivi za nyuzinyuzi, nazo husaidia choo na kupunguza mafuta mabaya ya damuni. Mwaka 2013 wataalamu wa Harvard walieleza kwamba walao matunda mazima, hasa zabibu na matofaa, walionekana kupatwa na kisukari kwa uchache, na wanywao maji ya matunda kwa wingi zaidi. Hilo latuhusu sisi ambao futari zetu hazikosi sharubati.

Lakini tofaa si dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliwachunguza watu wazima 8,399, wakaona kwamba walao tofaa kila siku hawakupungukiwa na safari za kwa daktari, ila dawa za kuandikiwa walizitumia kidogo tu kuliko wenzao.

Tena kwa vitamini C, tofaa halifui dafu mbele ya pera. Gramu 100 za tofaa zina miligramu 5 hivi. Za pera zapita 200. Na hapa ndipo chai inapoingia. Chai ikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili usipate vizuri madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mchicha, ilhali vitamini C huyasaidia yaingie. Kwa hivyo mama mja mzito, au mtoto aliyepungukiwa na damu, heri ale pera au chungwa pamoja na mlo, na chai aingojee kiasi cha saa moja.

Kipya kinyemi, walisema wazee. Mwenye uwezo na aliosha tofaa lake, alile zima. Asiye nao asijione mnyonge: Mwenyezi Mungu amemneemesha kwa pera, tena li mlangoni pake.