Doriani na Ushahidi wa Harufu Yake

Miongoni mwa matunda yote yauzwayo katika soko la Darajani mjini Unguja, hakuna lililosemwa maneno mengi kama doriani, kwa kuwa harufu yake humlaki mpita njia kabla hajaliona tunda lenyewe, naye, ikiwa hajalizoea, huharakisha hatua akidhani pana kitu kilichooza, ilhali mwenzake aliyelizoea hupunguza mwendo na kutia mkono mfukoni. Katika Singapore, ambako watu hulipenda mno, ni marufuku kulipakia katika treni za mjini. Mimi ni katika wale wapunguzao mwendo, na nia yangu ni kueleza kwamba harufu hiyo ilaumiwayo ndiyo shahidi mwaminifu wa tunda hili, wala mnunuzi hana mshauri ampitaye.

Asili ya doriani ni misitu ya Borneo, Sumatra na rasi ya Malay. Nasaba yake ni ya kustaajabisha, maana wataalamu wa mimea huuhesabu mti huu katika jamaa moja na mbuyu, mkakao, mpamba na mbamia. Maua yake hufunguka jioni, yamejaa asali, na wahudumu wake wakubwa ni popo, ambao huinywa asali hiyo gizani na kuchukua chavua kutoka mti hadi mti. Kukipambazuka, petali zake aghalabu zimekwisha kupukutika. Tunda likiiva huanguka lenyewe, na huko msituni harufu yake huwaita wanyama wakubwa, tembo miongoni mwao, wakaja wakala na kuzichukua kokwa mbali na mti uliozizaa. Kwa hiyo harufu ile ilikuwa mwaliko kabla binadamu hajaifanya kuwa kero.

Mwaliko huo umeundwa kwa ustadi mkubwa. Mnamo 2012 wataalamu wa Ujerumani waliopekua harufu ya doriani la Thailand walihesabu ndani yake viini 44 ambavyo pua ya mtu huweza kuvitambua, na baadhi yake vina kibiriti upele, yaani salfa. Mwaka 2017 walionyesha jambo lililonishangaza kuliko yote niliyopata kusoma juu ya tunda hili: kwamba viini viwili tu, vikichanganywa kwa kadiri ile ile iliyomo katika nyama ya tunda, vyatosha kuifanya pua idhani imekutana na doriani lenyewe. Kimoja hunukia matunda matamu, na cha pili, chenye salfa, hunuka kama kitunguu kilichokaangwa. Katika tunda hilo hilo pia mmepatikana kiini kiitwacho ethanethioli, ambacho viwanda hukitia katika gesi ya kupikia, isiyo na harufu yake yenyewe, ili ikivuja tutanabahi; maana pua ya binadamu ni hodari sana katika kunusa viini vya namna hii, hata vikiwa haba mno hewani.

Lakini kwa nini harufu izidi kadiri tunda liivavyo? Mwaka huo huo wa 2017 wataalamu wa Singapore walisoma jenomu ya doriani aina ya Musang King, wakakuta jeni zipatazo 46,000, na miongoni mwake zile zitengenezazo kimeng'enya kinachovunja asidi amino iitwayo methionini na kutoa salfa yenye kunuka zilikuwa na nakala zaidi ya zile za jamaa zake. Na methionini hiyo hiyo ndiyo mmea huitumia kutengeneza ethilini, homoni inayoivisha tunda. Kuiva na kunuka, basi, huchota katika kisima kimoja, na ndiyo sababu nasema kwamba tunda lisilonuka halijawa tayari kuliwa, hata muuzaji aape vipi.

Mnunuzi asianze kwa kuuliza bei. Aliinue tunda kwa kikonyo chake, akichunga miiba, kisha alitikise taratibu karibu na sikio, kwani nyama ikiiva hulegea na kuachana na ukuta wa ganda, na mtikisiko mdogo husikika ndani. Akitazame kikonyo: kikiwa bado kibichi, tunda halijakaa sana tangu lianguke. Alikatae lenye matundu ya wadudu, na lile lililopasuka chini siku nyingi, maana hewa ikiingia, utamu hugeuka uchachu.

"Ami, hili limeanguka lini?"

"Alfajiri, mwanangu. Nusa mwenyewe, hapa penye mshono."

Hapo penye mshono ndipo penye hukumu. Kwa kawaida tunda lina vyumba vitano, na mistari inayovigawa huonekana kwa shida baina ya miiba. Muuzaji hutia ncha ya kisu upande wa chini, akazungusha mkono kidogo, na ganda nene likafunguka kufuata mstari wake. Ndani, katika vitanda vyeupe, hulala mapande ya nyama ya manjano yenye ngozi nyembamba, na ukiibonyeza kwa kidole huona kwamba ni laini kama siagi. Lile siku hiyo hiyo. Gramu 100 za nyama yake zina kalori karibu 147, na potasiamu yake si haba, hivyo mwenye maradhi ya figo amsikilize tabibu wake kwanza.

Kokwa haziliwi mbichi. Huchemshwa au hukaangwa. Atakaye kuzipanda asikawie, kwa sababu kokwa ya doriani ikikauka hufa, tofauti na nafaka inayoweza kungoja ghalani. Nami kila nikumbukapo hilo humstahi yule, awaye yote, aliyezitunza na unyevu wake au kulea miche katika safari ya Bahari ya Hindi, hata ikapata ardhi huku. Mti hutaka udongo wenye kina, kwa hiyo Unguja huupata kule mashamba wala si katika maweni ya mashariki, na Pemba nayo inao. Ila mti uotao kwa kokwa haurithi sawasawa ladha ya mamaye. Mwenye mti wa doriani tamu, ambao majirani wanaujua na wachuuzi wanaugombania, na akate vijiti vyake sasa, abebeshe miche, mti huo ungali umesimama.