Kwa Nini Insulini Hainywewi, na Habari ya Miiba Midogo ya Kinywani

Mama mmoja mwenye ugonjwa wa sukari alirudi kwetu hospitalini akiletwa juu ya baisikeli na wana wake wawili. Mmoja alisukuma, mwingine alimshika mgongoni asianguke. Ulimi wake ulikuwa mkavu, alipumua kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima, na pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Tukamwuliza, "Mama, dawa ilikwisha?" Akajibu, "Hapana, sikuacha hata siku moja." Akafungua kitambaa, akatoa chupa. Kumbe alikuwa akiinywa kwa kijiko asubuhi na jioni, kwa sababu aliogopa sindano. Alisema, "Dawa ni ile ile. Ikiingia kwa kinywa, haitafika katika damu?"

Mama yule alipona. Lakini swali lake ni swali jema, na kosa lilikuwa letu. Tulimfundisha namna ya kupiga sindano, hatukumfundisha sababu yake. Basi wewe unayesoma, tufikiri sababu hiyo pamoja.

Insulini ni nini? Mtu mzima wa afya huitengeneza mwenyewe katika kongosho, yaani nyama ndefu iliyolala nyuma ya tumbo la chakula. Kazi ya insulini ni kuifungulia sukari mlango, itoke katika damu na kuingia katika nyama ya mwili iwe nguvu. Isipokuwepo, sukari hubaki katika damu na kutoka bure kwa mkojo. Mtu anakula, lakini anakonda. Anakunywa maji, lakini kiu haiishi. Zamani mtoto aliyepatwa na ugonjwa huu wa aina kali alikufa tu, na waganga walimtazama. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata njia ya kuitoa dawa hii katika kongosho za mbwa. Tarehe 11 Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipigwa sindano ya kwanza. Alikuwa na uzito wa kilo 29 tu. Dawa ile ya kwanza haikuwa safi, ikamsaidia kidogo sana. James Collip akaisafisha, na tarehe 23 walipompiga tena sukari yake ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi. Tangu wakati ule mpaka leo, karibu wagonjwa wote wanaohitaji insulini huipata kwa sindano.

Usichanganye habari hii na vidonge vya sukari ambavyo wengine wenu mnapewa. Vidonge vile si insulini. Ni dawa nyingine, na hizo humezwa.

Sasa, kwa nini hainywewi? Insulini imeumbwa kama shanga 51 zilizotungwa juu ya nyuzi mbili, uzi mmoja una shanga 21, wa pili una 30, na nyuzi hizo zimefungana. Shanga hizo ni za jinsi moja na zile zinazofanya nyama, samaki na maharagwe. Tumbo halijui kwamba hii ni dawa ya bei kubwa. Linaona chakula. Maji makali ya tumboni na ya matumbo huzikata nyuzi, shanga hutawanyika, na mwili huzitumia kama vile umekula kipande kidogo cha samaki. Mama yule alikuwa akila insulini yake. Ndiyo sababu sukari haikushuka.

Mwingine atasema, "Basi nisiimeze. Nitaiweka chini ya ulimi, kama baba yangu anavyoweka kidonge chake cha moyo." Neno hili lina akili ndani yake. Kidonge kile cha moyo, nitrogliserini, huyeyuka chini ya ulimi na kufika katika damu upesi, bila kupita tumboni. Lakini fikiri ua wa miti uliozunguka shamba. Kifaranga hupita katikati ya miti bila taabu, ng'ombe hapiti. Nitrogliserini ni kifaranga. Insulini ni nzito kuliko hiyo mara 25 hivi, nayo hubaki nje ya ua mpaka mate yaichukue tumboni.

Hata hivyo, wenye maarifa hawakuacha kukitazama kinywa. Chukua kioo, fungua kinywa, utaona sababu. Ngozi ya ndani ya shavu ni nyekundu, kwa kuwa mishipa midogo ya damu iko karibu. Haina gamba kavu kama ngozi ya mkono. Ukijiuma shavu leo, baada ya siku chache huoni alama. Tena damu inayotoka kinywani hurudi moyoni bila kupita kwanza katika ini, ambalo huiharibu dawa nyingine kabla haijafanya kazi. Kizuizi ni ua tu: tabaka juu ya tabaka, kama nyasi za paa, unene wa nusu milimeta hivi. Je, ua huo hauwezi kutobolewa kidogo?

Hapo ndipo miiba inapoingia. Usifikiri mwiba wa mchungwa. Fikiri ulimi wa paka, au jani la msasa ambalo watu husugulia vyungu na mbao: ukilipapasa, linakwaruza, lakini damu haitoki. Wametengeneza kiraka kidogo chenye miiba mingi namna hiyo, na kwa kawaida urefu wa kila mwiba haufiki milimeta 1. Mwaka 1998, mjini Atlanta, Marekani, Mark Prausnitz na wenzake walionyesha kwamba miiba ya urefu wa milimeta 0.15 ikitoboa gamba la juu la ngozi, dawa hupita kwa wingi kuliko mwanzo. Mwiba mfupi haufiki mahali penye mishipa mingi ya maumivu.

Miiba ile ilikuwa ya ngozi. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walieleza habari ya kiraka cha kinywani. Dawa kavu imejazwa ndani ya miiba yenyewe. Walikibandika katika vinywa vya nguruwe, kwa maana shavu la nguruwe limefanana sana na la mtu, na kwa muda wa sekunde 30 wakaingiza miligramu 1 ya insulini. Hiyo ni uniti 28 hivi, nayo si kidogo. Kisha watu wazima 100 wenye afya wakajaribu viraka kinywani ili waseme kama vinaumiza na vinakaa vizuri wapi. Mahali walipopapenda zaidi ni kaakaa, yaani dari ngumu ya kinywa. Mimi nilidhani watasema shavu.

Lakini sikiliza vizuri. Nguruwe walipewa insulini. Wale watu 100 walijaribu miiba tu. Kutoka hapo mpaka dawa ya kila siku njia ni ndefu. Insulini hutaka kipimo kamili, siku zote, pengine mara nne kwa siku. Ikipungua, sukari hupanda. Ikizidi, mtu huanguka akitetemeka na kutoka jasho, na anaweza kufa. Je, mate yakiingia chini ya kiraka, kipimo kitabaki kile kile? Na kinywa kinachochomwa mara nne kila siku, mwaka baada ya mwaka, kitakuwaje? Maswali haya yanahitaji majibu kwanza.

Chanjo ni jambo jepesi zaidi, kwa sababu haitolewi kila siku. Huko Gambia, watoto wadogo walibandikwa kiraka cha miiba chenye chanjo ya surua na rubela juu ya kifundo cha mkono kwa dakika 5. Matokeo yalitangazwa mwaka 2024, na kwa dozi moja zaidi ya tisa katika kila watoto wachanga kumi walipata kinga ya surua. Sisi tuliozika watoto wa surua tunaijua thamani ya habari hiyo.

Kwa hiyo mtu akija sokoni na matone ya insulini ya kunywa, au kiraka cha kuondoa sukari, usinunue. Mlete kwetu tuone anauza nini. Na wewe unayeogopa sindano, sema. Usifiche kama mama yule. Sindano ya insulini ni nyembamba, na ziko fupi za milimeta 4. Toa chupa mahali pa baridi mapema, kwa maana dawa ya baridi huuma. Ukipangusa ngozi kwa alkoli, ngoja ikauke. Piga tumboni au pajani, na kila mara sogea upana wa vidole viwili kutoka mahali pa jana. Usipige palipovimba au palipokuwa pagumu, kwa sababu dawa haiingii vizuri hapo. Sindano iliyotumika weka katika kopo gumu lenye kifuniko, na kopo likijaa, lilete hospitalini.