Seva yahama Gihosha, madaftari ya wafanyabiashara yasalimika

KATIKA kuhama, godoro na sufuria mara nyingi hufika salama kwa sababu kila mtu anaziona. Karatasi ndizo hupotea: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha shule, hati ya shamba, daftari la wadeni. Ndugu zetu waliorejea Burundi kutoka kambi za Mtabila, Nduta, Mtendeli na Nyarugusu mkoani Kigoma hawahitaji kuelezwa jambo hili.

Siku hizi karatasi nyingi zimeingia kwenye kompyuta. Nazo kompyuta huzeeka, hubadilishwa, huhama. Mzigo ulioko ndani yake unaweza kupotea vilevile njiani.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Hapa Gihosha, Bujumbura, natunza seva moja katika chumba kidogo. Seva ni kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, inayohifadhi tovuti na baruapepe za watu na kuzitoa kwa kila anayezihitaji. Kazi yangu inafanana na ya mwenye nyumba za kupangisha. Wapangaji wangu ni shule, wakala wa forodha, maduka machache na kikundi cha wafanyabiashara wanaovuka mpaka kati ya Bujumbura na Kigoma. Kikundi hiki kinaandika humo mizigo iliyopakiwa, iliyopokewa na nani anamdai nani.

Seva hiyo ilikuwa imechoka. Diski zake ni za aina ya zamani, zenye sahani inayozunguka, na moja ilianza kutoa mlio. Umeme wa kukatika-katika haukuisaidia, na mafuta ya jenereta yamekuwa adimu mjini mara kwa mara katika miaka ya karibuni. Tukanunua mashine mpya yenye diski zisizo na kitu kinachozunguka ndani. Kazi iliyobaki ilikuwa kuhamisha wapangaji wote bila kupoteza hata kijiko.

Wako wanaodhani kuhama huku ni kunakili tu. Mwaka 2019 dunia iligundua kwamba mtandao wa Myspace wa Marekani, uliokuwa maarufu miaka ya 2000, umepoteza nyimbo zilizowekwa humo na watu kati ya 2003 na 2015. Wenyewe walieleza kuwa zilipotea katika kazi ya kuhamisha seva. Kampuni yenye fedha nyingi hivyo haikuwa na nakala ya pili ya kurudia.

Nakala ikiwepo, pia ni lazima iulizwe iko wapi. Machi 10, 2021 jengo la seva la kampuni ya OVH liliungua mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja walikuwa na nakala za akiba, lakini zilikuwa zimewekwa palepale, zikaungua pamoja na asili yake. Septemba 26, 2025 moto ulizuka katika kituo cha kompyuta za serikali mjini Daejeon, Korea Kusini, wakati betri zikihamishwa. Hifadhi ya mafaili ya watumishi wa umma, terabaiti 858, iliteketea. Haikuwa na nakala nje kwa sababu ilionekana ni kubwa mno.

Tusiwacheke. Wakazi wa Bujumbura wanakumbuka Jumapili ya Januari 27, 2013, soko kuu lilipoteketea. Aliyekuwa ameacha bidhaa na daftari katika kibanda kimoja alipoteza mali, na akapoteza pia ushahidi wa mali.

Mafundi wana kanuni rahisi: kila kitu cha thamani kiwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe mbali. Kwetu sisi nakala ya kwanza ni ile inayotumika ndani ya seva. Ya pili iko kwenye diski ya nje, katika nyumba nyingine hapa mjini. Ya tatu iko Kigoma. Kila wiki mfanyabiashara mmoja hubeba diski ndogo kupitia Rumonge, Nyanza-Lac na Mugina hadi Manyovu, na kurudi na ile ya zamani. Yaliyomo yamefungwa kwa neno la siri, hivyo ikiibwa njiani, mwizi hasomi majina ya wadeni wala vyeti vya watoto wa shule.

Mtu atauliza kwa nini nisiitume kwa intaneti. Hutumwa pia, siku mtandao unaporuhusu. Burundi haina bahari, na intaneti yake hupita nchi jirani kabla ya kufika kwenye nyaya za pwani. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, huduma ilizorota katika nchi kadhaa za ukanda huu, Tanzania ikiwa mojawapo. Basi la Rumonge halitegemei waya.

Kazi yenyewe ilianza siku mbili kabla ya kuhama. Kwenye intaneti kila jina la tovuti limefungwa na namba ya mashine, na kompyuta za dunia hukumbuka namba hiyo kwa muda uliopangwa. Wetu ulikuwa sekunde 86,400, yaani siku nzima. Niliushusha hadi sekunde 300 ili, tukishahama, wageni wasiendelee kubisha hodi nyumba ya zamani.

Kisha nikaanza kunakili huku seva ikiendelea kufanya kazi. Picha na kurasa zilipita bila shida. Hifadhidata, yaani yale madaftari, hainakiliwi hivihivi wakati watu wanaandika, maana unaweza kuchukua ukurasa ulioandikwa nusu. Hutolewa kwa programu yake yenyewe. Usiku wa kuhama nikawaarifu wapangaji, nikafunga uandishi saa nne, nikatoa hifadhidata ya mwisho.

Hapo ndipo programu ilipogoma. Sehemu ya diski lililokuwa na daftari la wafanyabiashara ilikuwa imekufa. Jedwali la madeni halikusomeka.

Nikawasha nakala ya diski ya nje. Ilikuwa ya usiku uliotangulia, lakini jedwali lilelile lilikuwa na kurasa mbovu. Ugonjwa ulikuwa umeanza kabla, na nakala iliuchukua kama ulivyo. Ikabaki ya Kigoma, yenye umri wa siku nane. Nilimpigia mwenye kuitunza, naye alfajiri akapanda gari kuelekea Manyovu.

Wapangaji wengine niliwahamisha usiku huohuo. Kwa kila faili, programu hukokotoa namba kutokana na yaliyomo. Herufi moja ikibadilika, namba nayo hubadilika. Nililinganisha namba za mashine ya zamani na mpya, moja baada ya nyingine, hadi kulipokucha.

Diski ya Kigoma iliwasili jioni. Jedwali likafunguka zima. Siku nane zilizokosekana tulizijaza kutoka kwenye stakabadhi za karatasi ambazo mama mmoja wa kikundi huzitunza ndani ya mfuko wa plastiki. Vijana walikuwa wakimtania kwa karatasi zake. Jioni ile walikaa naye hadi usiku, yeye akisoma, wao wakiandika, na kila aliyedai aliona jina lake na kiasi chake mbele ya wenzake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama biashara yako au vyeti vyako viko kwa mtu wa kompyuta, muulize maswali matatu. Nakala ziko ngapi? Iliyo mbali iko mji gani? Na lini mara ya mwisho ulijaribu kuifungua? Swali la tatu ndilo zito, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu. Kwa aliye na simu pekee, piga picha za vyeti vyako, zitume kwa ndugu unayemwamini anayeishi mji mwingine, na karatasi zenyewe uzifunge zisiingie maji.

Mashine ya zamani bado ipo pembeni ya chumba. Sitafuta kitu ndani yake hadi kikundi kifunge hesabu za mwezi na kukubaliana kwamba zimelingana.